Jinsi ya kukokotoa ukolezi wa myeyusho, kuanzia mizani hadi lebo

Ukolezi unajibu swali moja: kuna kiasi gani cha kitu fulani ndani ya kiasi gani cha myeyusho? Uutaje kwa asilimia, kwa gramu kwa lita, kwa moli kwa lita au kwa sehemu kwa milioni, utabaki kuwa mgawanyo wenye kitu juu ya mstari na kitu chini ya mstari. Wanaokosea hesabu hizi mara nyingi wanajua kuzidisha na kugawanya vizuri kabisa. Kinachowaponza ni kutojiuliza mapema: hapa juu ni gramu za nini, na hapa chini ni lita za nini? Nimeuandika mwongozo huu nikiyafuata maswali hayo mawili hatua kwa hatua. Uwe na kikokotoo, jedwali la elementi na karatasi ya kuandikia.

Kabla ya kuanza, tukubaliane kuhusu maneno matatu. Kiyeyushwa ni kile kinachoyeyuka, mfano chumvi. Kiyeyushi ni kile kinachoyeyusha, mara nyingi maji. Myeyusho ni vyote viwili vikiwa vimekwisha kuwa kitu kimoja. Ukichanganya neno "kiyeyushi" na neno "myeyusho" katika hesabu, utapata jibu lisilo sahihi hata kama kikokotoo chako ni kizuri namna gani.

Hatua ya 1: Tambua kipimo unachoambiwa

Ukisikia "asilimia 10", usianze kupima. Uliza kwanza ni asilimia ya namna ipi, kwa kuwa zipo tatu.

Ya kwanza ni uzito kwa ujazo: gramu za kiyeyushwa katika kila mililita 100 za myeyusho. Hii ndiyo inayotumika sana kwa vitu vigumu vilivyoyeyushwa katika maji. Maji ya chumvi ya hospitali yanayoandikwa 0.9% yana gramu 0.9 za kloridi ya sodiamu katika mililita 100, yaani gramu 9 kwa lita. Ya pili ni uzito kwa uzito: gramu za kiyeyushwa katika gramu 100 za myeyusho. Asidi kali zinazouzwa kwenye chupa huandikwa hivi. Ya tatu ni ujazo kwa ujazo: mililita za kimiminika katika mililita 100 za myeyusho, na ndiyo hutumika kwa alkoholi.

Kwa myeyusho hafifu wa maji, ya kwanza na ya pili hukaribiana, kwa sababu mililita 100 za myeyusho huo zina uzito wa karibu gramu 100. Myeyusho ukiwa mkali zinaachana sana. Asidi ya salfuriki ya 98% ina densiti ya gramu 1.84 kwa mililita, kwa hiyo mililita 100 zake zina asidi gramu 180 hivi. Aliyesoma 98% akadhani ni gramu 98 kwa mililita 100 amekosea kwa karibu nusu.

Gramu kwa lita haina utata mwingi. Moli kwa lita, inayoandikwa mol/L au kwa herufi M, ndiyo kipimo kikuu cha maabara, na tutakaa nayo zaidi. Ipo pia molali, moli kwa kilo moja ya kiyeyushi. Hiyo haibadiliki joto likipanda au kushuka, kwa hiyo hutumika katika kupima kiwango cha kuchemka na cha kuganda. Kwa kazi nyingine utaihitaji mara chache.

Sasa angalia hapa chini ya mstari. Tuseme una gramu 342.3 za sukrosi, yaani moli moja, na unataka myeyusho wa 1 M. Ukimimina lita nzima ya maji juu ya sukari hiyo, huwezi kupata lita moja ya myeyusho. Sukari nayo inachukua nafasi, na unaishia na karibu lita 1.2. Ukolezi wako sasa ni 0.82 M hivi, pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana maelekezo ya maabara husema "jaza maji hadi lita moja" na hayasemi "ongeza lita moja ya maji". Tofauti ya maneno hayo ni ndogo kwenye karatasi, ila ndani ya chupa ni kubwa.

Hatua ya 2: Tafuta uzito wa moli moja

Kemikali humenyuka kwa idadi ya chembe, lakini mizani hupima gramu. Moli ndiyo inayounganisha hivi viwili. Ni jina la idadi, kama vile dazeni ni jina la kumi na mbili, isipokuwa idadi hii ni kubwa mno: tangu mwaka 2019 imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili.

Kupata uzito wa moli, jumlisha uzito wa atomu zote zilizo kwenye fomula. Kwa haidroksidi ya sodiamu, NaOH: 22.99 + 16.00 + 1.01 = gramu 40.00 kwa moli. Kwa chumvi, NaCl: 22.99 + 35.45 = 58.44.

Hadi hapo ni rahisi. Ugumu uko kwenye maji ya fuwele, na hapa naomba upunguze mwendo. Chukua salfeti ya shaba. Ile ya unga mweupe, isiyo na maji, ni CuSO₄, na moli yake moja ina gramu 159.61. Ile ya fuwele za buluu ni CuSO₄·5H₂O. Kila CuSO₄ moja imebeba molekuli tano za maji pamoja nayo, na moli yake ina gramu 249.69. Zote mbili huitwa "salfeti ya shaba" mdomoni.

Unataka mililita 250 za myeyusho wa 0.1 M. Unahitaji moli 0.1 × 0.25 = 0.025. Ukitumia fuwele za buluu, pima 0.025 × 249.69 = gramu 6.24. Ukitumia unga mweupe, pima gramu 3.99. Mtu akisoma fomula isiyo na maji kitabuni, kisha akapima gramu 3.99 kutoka kwenye chupa ya fuwele za buluu, ameweka moli 0.016 tu, na myeyusho wake ni 0.064 M. Kwa macho hakuna kitakachomshtua, kwani myeyusho utakuwa wa buluu vilevile. Kwa hiyo soma fomula iliyoandikwa kwenye chupa iliyo mkononi mwako, herufi kwa herufi, pamoja na kile kinukta kilicho katikati na kinachokifuata. Mara nyingi uzito wa moli umeandikwa papo hapo kwenye lebo. Ulinganishe na ule uliojumlisha.

Tazama pia usafi wa kemikali. Kama lebo inasema 95%, basi katika kila gramu 100 unazopima, kemikali yako ni gramu 95. Gawanya uzito uliokokotoa kwa 0.95 ndipo upime.

Hatua ya 3: Kokotoa gramu za kupima

Kanuni ni mbili, na ya pili hutumia moli ulizopata kwenye ya kwanza:

moli = gramu ÷ uzito wa moli
ukolezi (M) = moli ÷ lita za myeyusho

Ukiziunganisha unapata ile utakayoitumia kila siku:

gramu = ukolezi × lita × uzito wa moli

Mfano: mililita 500 za NaOH ya 0.2 M. Kwanza geuza mililita kuwa lita: 0.5. Halafu 0.2 × 0.5 × 40.00 = gramu 4.00. Andika vipimo pembeni ya kila namba: (mol/L) × L × (g/mol). Lita inafutika na moli inafutika, kinachobaki ni gramu. Kikibaki kitu kingine, ujue umezidisha mahali pa kugawanya. Ukaguzi huu ni wa sekunde chache, nami nauthamini kuliko kukariri kanuni yoyote.

Hebu sasa tufanye mfano mpana zaidi, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Fomula ya chumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS) iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ina, kwa kila lita ya myeyusho: kloridi ya sodiamu gramu 2.6, glukosi isiyo na maji gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, na sitreti ya sodiamu yenye molekuli mbili za maji gramu 2.9. Fomula hiyohiyo inataja pia ukolezi kwa milimoli kwa lita: sodiamu 75, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20, sitreti 10. Je, gramu hizo zinatoa namba hizo?

Glukosi: 13.5 ÷ 180.16 = moli 0.0749, yaani milimoli 75. Sawa.

Potasiamu: 1.5 ÷ 74.55 = milimoli 20.1. Sawa.

Sitreti: uzito wa moli wa Na₃C₆H₅O₇·2H₂O ni 294.10, kwa hiyo 2.9 ÷ 294.10 = milimoli 9.9. Sawa.

Sodiamu ndiyo yenye mtego. Kloridi ya sodiamu inatoa 2.6 ÷ 58.44 = milimoli 44.5, na hiyo haifiki 75. Iliyobaki imetoka kwenye sitreti, ambayo kila moja hubeba sodiamu tatu: 9.9 × 3 = 29.6. Jumla ni 74.1, ambayo ikikadiriwa inafika pale pale. Kloridi nayo inatoka sehemu mbili: 44.5 ya chumvi na 20.1 ya kloridi ya potasiamu, jumla 64.6.

Jumlisha namba zote tano za fomula: 75 + 65 + 75 + 20 + 10 = 245. Hiyo ndiyo osmolariti ya myeyusho huo, milimoli 245 za chembe kwa lita. Funzo la hesabu hii ni kwamba chumvi ikiyeyuka huvunjika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji, na unapoulizwa ukolezi lazima ujue kama unaulizwa wa chumvi nzima au wa ayoni mojawapo. Myeyusho wa CaCl₂ wa 0.1 M una kalsiamu ya 0.1 M, lakini kloridi yake ni 0.2 M.

Hatua ya 4: Tengeneza myeyusho wenyewe

Hesabu nzuri huweza kuharibikia kwenye chupa. Pima kemikali kwa mizani, uimimine kwenye bika lenye maji yaliyokenekwa, karibu nusu ya ujazo unaoutaka. Koroga hadi iyeyuke yote. Mimina kwenye chupa ya ujazo kwa kutumia funeli, kisha suuza bika, funeli na kijiti kwa maji kidogo mara mbili au tatu, na maji yote ya kusuuzia yaingie mlemle. Kile kinachobaki kwenye kuta za bika ni sehemu ya gramu ulizozipima.

NaOH inapoyeyuka hutoa joto kali. Myeyusho uliopashwa moto umetanuka, na chupa ya ujazo kwa kawaida imepimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Subiri upoe kabisa kabla ya kujaza hadi mstari. Unapokaribia mstari, acha kumimina, tumia kidondoshi. Maji kwenye shingo ya chupa hubonyea katikati. Weka jicho usawa wa mstari, na sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo ndiyo iguse mstari. Ukitazama kutoka juu utajaza pungufu, na ukitazama kutoka chini utazidisha. Funga kizibo, pindua chupa juu chini mara nyingi hadi ichanganyike sawasawa.

Ukipitisha maji juu ya mstari, usinyonye yaliyozidi. Utakuwa umeondoa na kiyeyushwa. Mwaga, anza upya.

Hatua ya 5: Soma chupa ya asidi kali

Chupa ya asidi ya haidrokloriki (HCl) haiandikwi molari, yaani moli kwa lita. Inaandikwa, kwa mfano, 37%, densiti 1.19 g/mL, uzito wa moli 36.46. Kutoka hapo utapata molari kwa hatua tatu.

Lita moja ya asidi hiyo ina uzito wa 1000 × 1.19 = gramu 1190. Asilimia 37 ya uzito huo ni HCl halisi: 1190 × 0.37 = gramu 440.3. Gawanya kwa uzito wa moli: 440.3 ÷ 36.46 = 12.1. Chupa yako ni 12.1 M.

Fanya vivyo hivyo kwa asidi ya salfuriki ya 98%, densiti 1.84, uzito wa moli 98.08: 1840 × 0.98 ÷ 98.08 = 18.4 M. Densiti ikisahaulika, asidi ya salfuriki itaonekana kuwa 10 M, na kila utakachotengeneza kwayo kitakuwa kikali kupita kiasi. Tumia asilimia na densiti za chupa uliyo nayo, maana hutofautiana kati ya chupa na chupa.

Hatua ya 6: Kuzimua

Unapozimua, unaongeza kiyeyushi tu. Moli za kiyeyushwa hazipungui wala haziongezeki. Kwa hiyo moli za mwanzo ni sawa na moli za mwisho (C ni ukolezi, V ni ujazo, 1 ni mwanzo na 2 ni mwisho):

C₁ × V₁ = C₂ × V₂

Unataka mililita 500 za HCl ya 1 M kutoka chupa ya 12.1 M. V₁ = 1 × 500 ÷ 12.1 = mililita 41.3. Vipimo vya ujazo vinaweza kuwa mililita pande zote mbili, mradi vifanane.

Mpangilio wa kumimina ni suala la usalama. Weka kwanza maji ya kutosha chomboni, mililita 300 hivi, halafu umimine asidi kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha upooze na ujaze hadi 500. Asidi iingie kwenye maji. Maji yakimiminwa juu ya asidi ya salfuriki iliyo kali, yale machache ya mwanzo huchemka ghafla na kurusha asidi usoni. Vaa miwani ya kinga, glavu na koti, na ufanye kazi hii chini ya kabati la kuvutia hewa, kwa kuwa mvuke wa HCl unachoma pua na mapafu.

Kwa kuzimua kwa sehemu, tahadhari na maandishi ya "1:10". Wengine humaanisha sehemu 1 ya dawa na 9 za maji, jumla 10. Wengine humaanisha sehemu 1 na 10 za maji, jumla 11. Ukiandika mwenyewe, andika "sehemu 1 ya dawa + sehemu 9 za maji" na ugomvi umekwisha.

Dawa ya klorini iliyo kimiminika ni mfano unaowahusu wengi. Ukiwa na 5% na unataka 0.5%, gawanya na utoe moja: 5 ÷ 0.5 = 10, 10 − 1 = 9. Sehemu 1 ya dawa, 9 za maji. Ukitaka 0.1% kutoka dawa ileile: 5 ÷ 0.1 = 50, 50 − 1 = 49. Kwa klorini ya unga, hipokloriti ya kalsiamu yenye klorini 70%, unatafuta gramu za klorini kwanza: 0.5% ni gramu 5 kwa lita, na 5 ÷ 0.70 = gramu 7.1 za unga kwa kila lita ya myeyusho. Kamwe usichanganye klorini na asidi wala na amonia, kwani gesi zinazotoka ni sumu.

Na hapa tena lile swali la juu ya mstari: asilimia 5 ya nini? Chupa moja huandika 5% ya hipokloriti ya sodiamu, nyingine 5% ya klorini inayotenda. Si kitu kimoja. Hipokloriti ya sodiamu ya 5% ni sawa na klorini inayotenda ya 5 × 70.90 ÷ 74.44 = 4.76% (70.90 ni uzito wa moli wa Cl₂, 74.44 ni wa NaOCl). Isitoshe, dawa hii hupungua nguvu kadiri inavyokaa, hasa ikikaa kwenye joto na mwanga, kwa hiyo namba ya lebo ni ya siku ilipotengenezwa.

Ukihitaji myeyusho hafifu mno, usijaribu kupima tone. Zimua kwa ngazi. Mililita 1 ikijazwa hadi 10, kisha mililita 1 ya huo ikijazwa hadi 10, kisha tena, umepunguza mara elfu moja kwa vipimo ambavyo pipeti ya kawaida inavimudu.

Hatua ya 7: Viwango vidogo sana

Kwa maji ya kunywa na udongo, ukolezi hutajwa kwa miligramu kwa lita. Katika myeyusho hafifu wa maji, miligramu 1 kwa lita ni sawa na sehemu 1 kwa milioni (ppm), kwa kuwa lita ya maji ina uzito wa karibu miligramu milioni moja. Asilimia 1 ni ppm 10,000.

Kosa linalojirudia hapa ni kupima chumvi mahali ilipotakiwa ayoni. Kiwango cha juu cha floraidi katika maji ya kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na hiyo ni ya floraidi yenyewe. Ukitaka myeyusho wa kulinganishia wenye floraidi miligramu 100 kwa lita, huwezi kupima miligramu 100 za NaF, kwa sababu sehemu ya uzito wake ni sodiamu. Floraidi ni 19.00 kati ya 41.99, yaani 0.4525. Pima 100 ÷ 0.4525 = miligramu 221, ujaze hadi lita moja.

Hatua ya 8: Kuchanganya myeyusho miwili

Kama ni kitu kilekile chenye ukolezi tofauti, jumlisha moli, jumlisha ujazo, gawanya. Mililita 200 za 0.5 M pamoja na mililita 300 za 0.1 M: moli 0.100 + 0.030 = 0.130, katika lita 0.5, sawa na 0.26 M. Usichukue wastani wa 0.5 na 0.1. Wastani ni sahihi pale tu ujazo unapolingana.

Kujumlisha ujazo kunafaa kwa miyeyusho hafifu ya maji. Kwa alkoholi, hapana: mililita 50 za ethanoli na 50 za maji hutoa karibu 96 hadi 97, kwa sababu molekuli zao hubanana. Kutengeneza lita moja ya ethanoli 70% kutoka ile ya 96%, kokotoa 70 × 1000 ÷ 96 = mililita 729, kisha jaza maji hadi lita moja. Usipime mililita 271 za maji pembeni.

Hatua ya 9: Kupata ukolezi usiojulikana

Umetengeneza NaOH ya 0.1 M kwa kupima gramu, kisha unaambiwa usiiamini. Ni kweli. NaOH hunyonya unyevu na kabonidioksidi hewani hata ikiwa kwenye mizani, kwa hiyo sehemu ya gramu unazopima siyo NaOH. Ukolezi wake halisi unathibitishwa kwa titresheni, yaani kuidondosha hadi mmenyuko ukamilike, dhidi ya kitu kinachopimika kwa uhakika, na kinachotumika sana ni asidi ngumu iitwayo potasiamu haidrojeni thalati, uzito wa moli 204.22.

Pima gramu 0.5105 za asidi hiyo: 0.5105 ÷ 204.22 = moli 0.002500. Iyeyushe katika maji, tia matone mawili ya fenolftalini (kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha), dondosha NaOH kutoka bureti, mrija wenye vipimo vya ujazo. Kila tone linapoingia, waridi hutokea na kupotea. Likianza kuchelewa kupotea, punguza kasi, dondosha tone moja moja. Unasimama pale waridi hafifu kabisa linapobaki kwa nusu dakika. Tuseme bureti imesoma mililita 24.60. Asidi moja humenyuka na NaOH moja, kwa hiyo ukolezi wa NaOH ni 0.002500 ÷ 0.02460 = 0.1016 M. Rudia hadi masomo yakaribiane, na uchukue wastani wa yaliyokubaliana.

Sasa NaOH hiyo inaweza kupima asidi nyingine. Mililita 25.00 za asidi ya salfuriki zimetumia NaOH mililita 31.20. Moli za NaOH: 0.1016 × 0.03120 = 0.003170. Kabla ya kugawanya kwa ujazo, andika mlinganyo: H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O. Asidi moja inakula NaOH mbili, hivyo moli za asidi ni nusu: 0.001585. Gawanya kwa 0.02500, unapata 0.0634 M. Anayetumia C₁V₁ = C₂V₂ hapa bila kutazama mlinganyo atapata 0.127, mara mbili ya ukweli. Kanuni ile ni ya kuzimua, na haifai kubebwa kwenye mmenyuko ilivyo.

Hatua ya 10: Kagua namba, kisha andika lebo

Jibu lisiwe na tarakimu nyingi kuliko vipimo vyako. Kikokotoo kikionyesha 0.101626 wakati bureti inasomeka kwa tarakimu nne, andika 0.1016. Kama ujazo ulipimwa kwa silinda ya kawaida, tarakimu mbili au tatu zinatosha.

Kisha linganisha na akili ya kawaida. Uliyezimua, ukolezi umepungua? Uliyepata HCl ya 40 M, je, asidi inayouzwa ikiwa kali kabisa si 12 tu?

Kwenye lebo andika jina na fomula kamili pamoja na maji ya fuwele kama yapo, ukolezi na kipimo chake (siyo "10%" bali "10% uzito kwa ujazo"), kiyeyushi kama si maji, tarehe, jina la aliyetengeneza na alama ya hatari. Kwa NaOH ongeza tarehe ya titresheni, uihifadhi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, kwa kuwa hula kioo polepole na kunata kwenye vizibo vya kioo, na uipime upya kabla ya kila kazi inayohitaji tarakimu nne.